EJ207, 4G63 au K20A: injini ipi itahimili rpm 8,000?

Wapenzi wa magari ya kasi wakikutana Nairobi au Dar, ubishi huwa ni wa nguvu: nani ana farasi 400, nani kafika 500. Mimi naona swali linalomgharimu mtu zaidi ni jingine. Injini ikishaongezwa nguvu, na mwenyewe akawa anaipeleka rpm 8,000 (mizunguko 8,000 kwa dakika) kila akipata uwanja wa mashindano, itakaa muda gani kabla ya kunoki?

Nalinganisha hapa injini tatu ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzipata kweli. EJ207 iko kwenye Subaru Impreza WRX STI za Japani. 4G63 iko kwenye Mitsubishi Lancer Evolution kuanzia ile ya kwanza ya 1992 hadi Evo IX. K20A ya Honda iko kwenye Civic Type R, Integra Type R na Accord Euro R. Zote ni za lita mbili na zote zina silinda nne, lakini ndani zimejengwa kwa fikra tofauti kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao. Anayetaka kukaa juu ya rpm 7,500 mara kwa mara achukue K20A na aiache bila turbo. Anayetaka turbo na nguvu nyingi achukue 4G63 na aifungie limita (kizuizi cha rpm) kwenye 7,500. EJ207 ni ya mtu aliye tayari kutumia pesa yake ya kwanza kwenye mfumo wa oili kabla hajagusa kompyuta ya gari.

Mizunguko huvuta, busti husukuma

Wengi huamini busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ndiyo inayovunja konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini). Busti ikizidi inaweza kuipinda kweli, kwa kuikandamiza kutoka juu. Mizunguko hufanya kinyume chake. Pistoni inapofika juu kabisa katika mpigo wa kutoa moshi, hakuna presha ya gesi ya kuizuia isiendelee kupaa. Kinachoisimamisha na kuirudisha chini ni pini yake, konrodi, na boliti mbili zinazoshika kofia ya konrodi. Boliti zikirefuka kupita kiasi, kofia inaachia kidogo, beringi (kipande laini kati ya konrodi na kranki) inapoteza umbo lake, na baada ya hapo ni suala la dakika tu konrodi itoboe bloku, yaani mwili wa injini.

Mvutano huo haupandi sawasawa na mizunguko, unapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 7,000 hadi 8,000 umeongeza mizunguko kwa asilimia 14, ila mvutano umepanda kwa asilimia 31 hivi. Ukifika 9,000, umepanda kwa asilimia 65 kuliko ulivyokuwa kwenye 7,000. Kwenye 4G63 inayozunguka rpm 8,000, pistoni ikigeuka pale juu inavutwa kwa nguvu ya karibu mara 4,000 ya uzito wake. Tuseme pistoni, pini na ringi zake pamoja ni nusu kilo. Boliti hizo zinabeba mzigo wa kama tani mbili, zaidi ya mara 60 kila sekunde, muda wote mguu ukiwa chini.

Ndiyo maana injini yenye farasi 500 kwenye rpm 6,500 inaweza kudumu kuliko yenye farasi 350 kwenye 8,500. Anayejua hili hamuulizi fundi "nitapata farasi ngapi" kabla ya kumuuliza "nitazipata kwenye rpm ngapi".

Kuna hesabu rahisi unayoweza kufanya mwenyewe kwenye simu. Chukua stroki, yaani umbali ambao pistoni inasafiri kutoka chini hadi juu, kwa mita. Zidisha kwa mbili, zidisha kwa rpm, kisha gawanya kwa 60. Unapata kasi ya wastani ya pistoni kwa mita kwa sekunde. Nimeziweka injini zetu pamoja na ndugu zao wawili ambao watu huwachanganya nazo:

| Injini | Kipenyo × stroki (mm) | Bloku | Kwenye rpm 7,000 | Kwenye rpm 8,000 |
|---|---|---|---|---|
| EJ207 | 92 × 75 | alumini, silivu (kuta za ndani za silinda) za chuma | 17.5 m/s | 20.0 m/s |
| EJ257 (lita 2.5) | 99.5 × 79 | alumini, silivu za chuma | 18.4 m/s | 21.1 m/s |
| 4G63 | 85 × 88 | chuma | 20.5 m/s | 23.5 m/s |
| K20A | 86 × 86 | alumini, silivu za chuma | 20.1 m/s | 22.9 m/s |
| K24A (lita 2.4) | 87 × 99 | alumini, silivu za chuma | 23.1 m/s | 26.4 m/s |

Ili tarakimu hizi zipate maana, zilinganishe na Honda S2000 ya 1999. Injini yake ya F20C ina stroki ya milimita 84 na kiwanda kiliiruhusu ifike 9,000, ambayo ni 25.2 m/s. Kwa gari la barabarani lililouzwa na waranti, hicho ni kiwango cha juu mno, na Honda iliijenga injini nzima kwa ajili hiyo. Ukiona hesabu ya injini yako inakaribia 25 na ndani bado una boliti za kiwandani za injini isiyokusudiwa hivyo, punguza.

Angalia mstari wa K24A. Siku hizi kuna mtindo wa kuchukua bloku ya K24 kutoka kwenye CR-V au Accord na kuifunga hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ya K20. Ni mradi mzuri, unapata msukumo mwingi chini. Lakini bloku hiyo kwenye 8,000 inaipita S2000 iliyo kwenye 9,000. Anayeijenga hivyo halafu akaacha limita ya K20 palepale anajitafutia bili ya injini nyingine.

Kwa jedwali peke yake, EJ207 imeshinda. Ina stroki fupi kuliko zote, na kiwanda chenyewe kimechora mstari mwekundu kwenye 8,000. Hata hivyo, injini nyingi za EJ zilizoongezwa nguvu huanza kufa upande wa beringi, huku pistoni zikiwa bado nzima.

EJ207: stroki nzuri, oili yenye matatizo

Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili ziko kushoto na mbili kulia, na katikati yake kuna kranki fupi sana. Kulala huko kunashusha kitovu cha uzito wa gari, na ufupi wa kranki unaifanya isipinde kirahisi. Gharama ya ufupi huo ni nafasi. Beringi kuu tano na beringi nne za konrodi zinagawana urefu mdogo, kwa hiyo kila moja ni nyembamba. Beringi nyembamba ina utando mdogo wa oili wa kubeba mzigo uleule. Oili ikikatika hata kwa muda mfupi sana kwenye rpm 7,500, chuma kinagusa chuma.

Na oili ya EJ ina njia nyingi za kukatika. Ya kwanza ni bomba la kunyonyea lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Lile la kiwandani linajulikana kwa kupata ufa kwenye kiungio. Likipata ufa, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na geji ya presha inaweza kuonekana sawa ukiwa kwenye taa za barabarani halafu ikaanguka ukiwa kwenye gia ya tatu. Ya pili ni umbo la injini. Hedi zimelala ubavuni, chini, na kwenye kona ndefu ya kasi oili inatupwa upande mmoja, inajaa kwenye hedi na kuchelewa kurudi kwenye sampu. Ndiyo sababu gari linaloonekana zima kabisa kwenye mbio za mstari mnyoofu linaweza kuua beringi kwenye uwanja wenye kona.

Ukipata nafasi ya kushika beringi ya konrodi iliyotolewa kwenye EJ iliyoteswa, itazame juani. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyofifia, laini, bila mng'ao. Iliyoanza kufa ina mistari ya kuzunguka, na katikati unaanza kuona rangi ya shaba, kwa sababu tabaka la juu limeshaliwa. Shaba ikionekana, kranki nayo ipimwe kwa maikromita kabla mtu hajakuambia "badilisha beringi tu".

Upande wa valvu EJ207 iko vizuri. Kemu, shafti inayofungua valvu, inasukuma vikombe vigumu visivyo na oili ndani yake, kwa hiyo valvu hufuata kemu vizuri hata juu. Lakini jiulize kwa nini unataka kwenda huko. Ikiwa na turbo yake ya kiwandani, farasi 280 zilizotangazwa zinapatikana kwenye rpm 6,400. Baada ya hapo turbo haina pumzi ya kutosha, na kila mzunguko unaouongeza ni joto na uchakavu bila nguvu ya ziada. Wapo watu wanaoiendesha hadi 8,000 kwa sababu dashibodi inaruhusu tu, na gari lao lingekuwa na kasi zaidi wangebadilisha gia kwenye 7,000.

Hapa niseme neno kuhusu ndugu zake, maana muuzaji anaweza kukuambia "hii ni injini ya STI" na ikawa kitu kingine. EJ205 ya WRX ya kawaida na ya Forester yenye turbo ina bloku ambayo silinda zake zimesimama wazi upande wa juu, bila kushikwa. Haikupangiwa mzigo wa EJ207. EJ257 ya STI za soko la Marekani ina kipenyo cha 99.5, kuta za silinda nyembamba, na pistoni ambazo sehemu ya kushika ringi hupasuka injini ikigonga (petroli ikiwaka vibaya ndani ya silinda) kwa sababu ya petroli hafifu au mapu mbaya, yaani mpangilio wa kompyuta ya injini. EJ257 iache chini ya 7,000. Nguvu yake iko katikati, na inakupa mapema kuliko EJ207.

4G63: chuma kizito na mikanda miwili

Bloku ya 4G63 ni ya chuma cha kutupwa. Ni nzito, na uzito huo unakaa puani mwa gari, lakini silinda zake hazitikisiki kwa busti ambayo ingeifanya bloku ya alumini ianze kupoteza umbo. Mafundi wa Evo huipenda kwa sababu hiyo, na nawaunga mkono. Kama lengo lako ni turbo kubwa, sioni ya kuizidi kati ya hizi tatu.

Udhaifu wake kwenye mizunguko ya juu uko sehemu tatu, na zote zinatibika.

Stroki ya 88 umeshaiona. Boliti za konrodi zibadilishwe na zile ngumu za kampuni kama ARP kabla ya limita kusogezwa, na zikazwe kwa kupima zinavyorefuka, si kwa kutegemea spana peke yake. Konrodi zikishafunguliwa, hakuna sababu ya kurudisha za kiwandani ikiwa bajeti inaruhusu za kufua, yaani za chuma kilichopondwa kiwe imara.

Kisha kuna shafti za kusawazisha. 4G63 ina shafti mbili zinazozunguka mara mbili ya kranki ili kupunguza mtikisiko. Kranki ikiwa kwenye 8,000, zenyewe ziko kwenye 16,000. Moja inaendeshwa na mkanda mdogo uliofichwa nyuma ya mkanda mkubwa wa taimingi, ule unaoendesha kemu. Mkanda huo mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye ule mkubwa, taimingi inaruka, na valvu zinakutana na pistoni. Wanaojenga 4G63 ya mashindano huziondoa shafti hizo na kuziba njia zake za oili. Utahisi mtetemo zaidi kwenye usukani gari likisimama. Kwa gari la kila siku lisilopita 7,000, mimi ningeziacha na kubadilisha mikanda yote miwili mapema, kabla ya kilomita 100,000 ambazo wengi huzihesabu.

Ya tatu ni valvu. Tofauti na EJ207, roka (mikono inayosukuma valvu) za 4G63 zinakaa juu ya vidhibiti vinavyojaa oili ili kuondoa nafasi vyenyewe. Springi za valvu zikiwa zimechoka, na injini nyingi za Evo sasa zina umri wa kuchoka, valvu inaanza kuchelewa kurudi kwenye kiti chake. Kidhibiti kinaona nafasi, kinajijaza, na valvu inabaki imefunguka kidogo. Dereva anahisi gari limegoma kupanda baada ya 7,500, kama linakohoa, na anadhani ni plagi. Mara nyingi dawa ni springi ngumu zaidi, na ni kazi ya bei nafuu ukilinganisha na hedi nzima.

Evo IX iliongezewa MIVEC, mfumo wa kubadilisha taimingi ya kemu ya upande wa kuingiza hewa. Unasaidia turbo kuamka mapema. Kwa uimara wa rpm za juu hauongezi wala haupunguzi kitu cha maana. Na usije ukauziwa Evo X kwa jina la 4G63: hiyo ina 4B11T, bloku ya alumini, 86 kwa 86, injini tofauti kabisa.

K20A: iliyozaliwa huko juu

K20A ya Integra Type R na Accord Euro R inatoa farasi 220 kwenye rpm 8,000. Huo ndio ufunguo. Kwenye Subaru na Evo unapanda juu kufuata kitu ambacho injini ya kiwandani haikupanga kukupa. Kwenye Honda nguvu yenyewe iko juu, kwa hiyo boliti, konrodi, springi na pampu ya oili vilipangwa kuishi huko tangu kiwandani. VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha jinsi valvu zinavyofunguka, inabadilisha kemu karibu na 6,000, na kuanzia hapo hadi juu ya 8,000 injini inaimba bila kulalamika. Hakuna turbo ya kupasha oili moto. Taimingi ni ya cheni.

Haimaanishi kwamba haifi. Inakula oili zaidi kadiri unavyokaa juu, na ukizembea kuangalia kijiti cha oili unaweza kuanza siku ya mashindano ikiwa katikati ya alama na kuimaliza ikiwa chini ya alama. Cheni hurefuka kwa injini zilizokosa kubadilishiwa oili kwa wakati, na utaisikia ikiguguna asubuhi unapowasha.

Kifo chake kikubwa hutoka kwenye gia. Dereva yuko 8,000 kwenye gia ya tatu, anataka ya nne, mkono unaingia ya pili. Kama gia ya pili ina uwiano mkubwa kuliko ya tatu kwa asilimia 40, magurudumu yanailazimisha kranki izunguke 11,200. Limita haiwezi kukusaidia, kwa sababu limita inakata petroli na cheche tu, na hapa anayesukuma injini ni magurudumu. Ukinunua Type R iliyotumika uwanjani, hili ndilo la kulichunguza: valvu zilizopinda kidogo, kompresheni isiyolingana, springi zilizovunjika.

Mpango wa kuiwekea K20A turbo na bado kuipeleka 8,400 sipendekezi kwa mtu wa bajeti ya kawaida. Kompresheni yake ni ya juu, 11.5 kwa 1 kwenye Integra, na injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani yenye okteni nyingi kuliko ya kawaida katika vituo vyetu. Ukiongeza busti juu ya hapo bila kubadilisha pistoni, kugonga kunaanza kabla hujafurahia.

Kuhusu ushahidi wa Safari Rally

Ubishi wa Subaru na Mitsubishi nchini Kenya hauishi bila Safari kutajwa. Tommi Mäkinen alishinda 1996 akiwa na Lancer Evolution, Colin McRae akashinda 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000 na Impreza, Mäkinen tena 2001 na Lancer. Ni historia ya kujivunia, na mimi naipenda kama wengine. Ila haithibitishi lolote kuhusu rpm 8,000. Magari yale yalilazimishwa kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 mbele ya turbo. Tundu hilo linaziba pumzi huko juu, kwa hiyo timu zilijenga injini za msukumo mkubwa wa katikati na nguvu yao ilikwisha mapema kuliko gari la mtaani lililofunguliwa. Kilichojaribiwa pale ni vumbi, mashimo, joto na urefu wa safari. Injini iliyovuka Bonde la Ufa kwa ushindi inaweza kabisa kufa kwenye dakika 20 za mbio za uwanja wa lami.

Nairobi si Mombasa

Mwinuko unabadilisha uchaguzi, na naona haupewi uzito wake. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, Naivasha na Nakuru juu zaidi. Presha ya hewa pale ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ufukweni. K20A isiyo na turbo inaathirika moja kwa moja: farasi 220 za Mombasa zinashuka kuelekea 180 ukifika Nairobi. Kwa uimara hiyo si habari mbaya, kwa sababu presha ndani ya silinda imepungua na mvutano wa mizunguko uko palepale. Kwa anayetaka kushinda jirani mwenye turbo, ni habari mbaya sana.

Turbo inaficha tatizo na kulihamishia kwake. Kufikia busti ya bar 1.2 ukiwa Dar, turbo inaikandamiza hewa mara 2.2 hivi. Kufikia busti ileile ya 1.2 kwenye geji ukiwa Nairobi, inabidi iikandamize karibu mara 2.5, na ukitaka nguvu zilezile za Dar inafika 2.7. Shafti ya turbo inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na intakula (kipoza hewa ya turbo) nayo inapozwa na hewa nyembamba. Ndiyo sababu mapu ya kompyuta iliyotengenezwa pwani, au iliyopakuliwa kutoka nje, isiletwe bara bila kupimwa upya. Kwa mwenye EJ207 au 4G63 ya turbo ndogo anayeishi bara, kupunguza limita kwa rpm 300 au 500 kunaiokoa turbo bila kumnyang'anya kasi inayohisika.

Pesa ya kwanza iende wapi

Nikipewa bajeti ileile kwa injini zote tatu, sianzi na sehemu moja. Kwenye EJ207 naanza na bomba jipya la kunyonyea, sampu yenye vizuizi vya ndani, kipoza oili, na geji za presha na joto la oili zenye kengele. Konrodi za kufua zinasubiri. Kwenye 4G63 naanza na mikanda yote, springi za valvu na boliti za konrodi. Kwenye K20A isiyo na turbo naanza na kishika cheni kipya, vizuizi vya sampu, na mpini wa gia ulio sahihi, maana huko ndiko hatari yake iliko.

Kuhusu pistoni za kufua, usinunue kwa jina tu. Aloi ya 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, na inafaa gari la kila siku. Aloi ya 2618 inahimili kipigo zaidi lakini inatanuka zaidi, kwa hiyo inawekwa na nafasi kubwa zaidi na asubuhi injini inagonga hadi ipate moto. Mtu anayepeleka watoto shule kwa Evo hiyohiyo anayoshindana nayo Jumapili atafurahia 4032.

Oili ni mahali ambapo bandia ziko sokoni na huwezi kuzitambua kwa kopo. Nunua kwa msambazaji anayetambulika hata kama ni ghali, na kwa matumizi ya uwanjani chagua ya uzito wa 5W-40 au 10W-50 kulingana na nafasi za beringi ambazo fundi wako amezipima. Kila ukibadilisha oili, kata filta kwa kisu chake maalum, nyosha karatasi ya ndani, itazame kwenye mwanga. Vumbi la kijivu kidogo ni kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyometa rangi ya dhahabu au shaba ni beringi inayoongea.

Kabla ya kulipa

Kenya hairuhusu tena kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo STI na Evo nyingi za kweli zinazouzwa sasa zimeshapita mikono kadhaa, na injini za kubadilisha zinauzwa kama vipuri vilivyotumika, iwe ni Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar. Injini iliyofungwa plastiki juu ya meza haisemi lolote. Omba kompresheni ipimwe silinda zote, na tofauti kati ya ya juu na ya chini ikizidi asilimia 10 acha. Kwa injini iliyo ndani ya gari, iwashe ikiwa baridi kabisa wewe ukiwepo. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu. Kwa EJ, sikiliza mlio mzito wa kugonga kutoka chini unapoachia mafuta kwenye rpm 3,000. Kwa 4G63, mlio wa haraka wa kugongagonga kutoka juu unaweza kuwa vidhibiti vya valvu, na hiyo unaweza kujadili bei. Kwa K20A, sikiliza cheni, kisha jaribu kila gia, hasa ya tatu.

Mwisho omba sampu ifunguliwe kwa gharama yako, na kofia moja ya konrodi itolewe. Ni kazi ya saa chache kwa fundi mzuri. Muuzaji wa EJ akikataa, mshukuru na utafute nyingine.